Ndege ya Zamani na Ndege Kuukuu

Dominika moja baada ya Misa vijana wawili wa parokia yetu ya hapa Uvira walitungoja mlangoni mwa kanisa, wana swali. Walikuwa wameona picha za wazee wa Ulaya, watu wenye mvi, wakirusha angani ndege ndogo za mabawa mawili mawili, za mbao na kitambaa, zilizoundwa kabla baba zetu hawajazaliwa. Tena waliambiwa kwamba watu hao hawachukui mizigo wala abiria, wala hawapati mshahara. Wao wenyewe hutoa fedha zao na miaka yao ili kuzifufua ndege zilizokwisha kutupwa ghalani.

Yule wa kwanza akasema, "Mwalimu, hii si dhambi? Fedha hizo zingejenga zahanati ngapi?" Wa pili, ambaye kazi yake ni kutengeneza pikipiki, akamkatiza: "Mimi ningepewa moja, ningelala chini ya bawa lake." Tukacheka, tukaagana. Lakini swali lenyewe halikuagana nasi, likatufuata mpaka nyumbani, na leo twaliweka mbele yenu.

Kwanza tueleze jambo lilivyo, maana ni vibaya kuhukumu kitu tusichokijua. Mwaka 1925 kampuni ya de Havilland ya Uingereza ilirusha mara ya kwanza ndege ndogo iitwayo Moth, na mwaka 1931 ikafuata Tiger Moth, ambayo marubani wengi wa vita ya pili walijifunzia. Wabelgiji nao, katika mji wa Antwerp, waliunda ya kwao, Stampe, iliyoruka mwaka 1933. Mifupa ya mabawa ya avio hizo, kama tusemavyo huku kwetu, ni mbao nyepesi zilizoungwa kwa gundi. Ngozi yake ni kitambaa kilichopakwa maji ya dawa, ambayo yakikauka hukikaza kama ngozi ya ngoma. Tiger Moth ilivyoundwa haina breki. Ili kuiwasha, mtu husimama mbele yake na kulizungusha pangaboi kwa mkono mpaka moteri iitike.

Wapenzi wa ndege hizo wamo Ulaya, Marekani na hata Afrika yetu ya Mashariki. Nairobi kuna chama cha warukaji tangu mwaka 1927. Na mwezi wa Novemba 2016 ndege kadhaa za miaka ya 1920 na 1930 zilitoka kisiwa cha Krete zikashuka Afrika yote mpaka Cape Town, zikipita Misri, Sudani, Ethiopia, Kenya na Tanzania. Huko Gambela, Ethiopia, wenye nchi waliwazuia warukaji hao siku mbili tatu, maana ni nani atakayeona kundi la ndege za namna hiyo likishuka uwanjani kwake asiulize maswali?

Ziwa letu nalo si geni katika habari hizi. Katika vita ya kwanza, mwaka 1916, Wabelgiji walileta ndege nne za kuelea majini, aina ya Short. Zilisafirishwa vipande vipande kutoka bahari ya magharibi kwa reli na kwa mto, zikaungwa upande wa Mtoa, karibu na Kalemie ya leo. Mwezi wa Juni zikavuka ziwa na kutupa mabomu Kigoma, kwa kuwa huko ilikuwako meli kubwa ya Wadachi, Graf von Götzen. Na Edmond Thieffry, Mbelgiji yule aliyetoka Brussels mwaka 1925 akafika Léopoldville baada ya siku 51, naye alianguka akafa mwezi wa Aprili 1929, si mbali na ziwa hili hili. Siku hizo ndege hizo hazikuwa za zamani. Zilikuwa mpya kabisa, na watu walikufa ndani yake.

Sasa turudi kwa kijana wa kwanza na zahanati zake. Swali lake tumelisikia kabla yake. Lilitamkwa Bethania, Mariamu alipomwaga marhamu ya nardo miguuni pa Bwana, na Yuda akapiga hesabu ya dinari mia tatu ambazo wangepewa maskini. Twajua Bwana alivyojibu. Lakini tusilitumie jibu lile kumziba mdomo mtu mwenye njaa. Marhamu ile ilimwagwa kwa ajili ya Kristo mwenyewe, na ndege ya mtu humwagiwa mafuta kwa ajili ya furaha yake. Ni mambo mawili.

Basi, je, furaha ya namna hiyo ni halali? Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza neno hili waziwazi katika Summa yake: je, kuna wema wowote katika mchezo? Akajibu kwamba upo, kwa sababu roho huchoka kama mwili unavyochoka, nayo hupumzika katika mchezo. Anaitaja habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjilisti. Watu walishangaa kumwona akicheza na wanafunzi wake, naye akamwomba mmoja wao mwenye upinde auvute, auvute tena na tena, kisha akamwuliza kama angeweza kuuvuta hivyo siku zote. Yule akajibu kwamba ungevunjika. Lakini Tomaso huyo huyo aweka mipaka. Mchezo usiwe wenye aibu au wa kumdhuru mtu, usimfanye mtu asahau kabisa uzito wa maisha, tena ulingane na mahali, na wakati, na mtu mwenyewe. Hapo twapata jibu la nusu. Mzee aliyelea watoto wake, akalipa madeni yake, akakumbuka fungu la maskini, kisha akakaa jioni kumi akipiga msasa ubavu mmoja wa bawa, huyo hatumwiti mwovu. Yule anayewaacha watoto wake bila ada ya shule kwa kununua moteri, huyo anaabudu chuma.

Tena, ndugu, tukimnyoshea kidole mzee wa Ulaya, tuangalie na vidole vinavyoturudia. Katika harusi moja ya hapa mjini mbona hatuulizi ni zahanati ngapi zimekunywewa usiku ule? Basi, tupite.

Jibu la nusu la pili ndilo gumu zaidi, nalo halihusu fedha, lahusu uhai. Maana ndege si saa ya ukutani. Ikiharibika juu, haisimami njiani ikingoja fundi.

Hapa yafaa tuangalie kazi yenyewe ya hao wapenzi, jinsi inavyofanyika mikononi. Mtu aletewapo Moth ya zamani, rangi yake yaweza kung'aa bado. Yeye haitazami rangi. Huchukua kisu akakichana kitambaa chote cha bawa, kizuri na kibaya, mpaka mbao zibaki uchi. Gundi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa maziwa, na maziwa yakipata unyevu wa miaka mingi huoza. Kwa hiyo ubao waweza kuonekana mzima kabisa huku kiungo chake hakishiki tena kitu. Fundi hugonga, husikiliza, huchokoa, hunusa. Ubao mbaya hutolewa, ukachongwa mwingine wa mti ule ule na kipimo kile kile. Kisha kila alichofanya hukiandika katika kitabu cha ndege ile, na fundi mwenye ruhusa hutia sahihi, ili siku ya hukumu ya mahakama, kama ikija, ijulikane ni nani aliyesema, "Hapa ni pazima." Kitabu hicho humfuata ndege maisha yake yote, kutoka kwa mwenyewe huyu kwenda kwa yule.

Wanafalsafa wa kale wa Uyunani walibishana juu ya merikebu ya Theseus: ikiwa kila ubao wake umebadilishwa, je, ni merikebu ile ile? Sisi tulipokuwa seminarini tulibishana hivyo hivyo mpaka kengele ya kulala. Leo twaona kwamba fundi wa ndege hana wasiwasi mwingi juu ya jambo hilo. Ni ile ile kwa sababu kitabu chake hakikukatika.

Na waitunzao vema hawaidai ndege nguvu isiyokuwa nayo. Huko Old Warden, Uingereza, yumo Blériot wa mwaka 1909, ambaye watu humhesabu kuwa ndege mzee kuliko wote duniani wanaoweza kuruka bado. Wenye kumtunza hawampeleki safari. Hungoja jioni tulivu isiyo na upepo, wakamwachia aruke kidogo juu ya majani ya uwanja wao, kisha ashuke. Kukiwa na upepo, hata kama watazamaji wamekwisha kulipa, hubaki bandani.

Basi lugha yetu inayo maneno mawili ambayo tusiyachanganye. Kanzu ya harusi ya bibi, iliyokunjwa sandukuni na kuangaliwa kila mwaka isiliwe na nondo, hiyo ni nguo ya zamani. Shati livaliwalo mpaka linapasuka mgongoni, kwa kuwa mwenyewe hana lingine, hilo ni kuukuu. Huenda zote mbili zilishonwa mwaka mmoja. Tofauti haimo katika miaka.

Sisi wa Kongo ya mashariki twazijua sana ndege kuukuu. Shabunda haina barabara ifaayo, na chumvi, sabuni na dawa hufika huko kwa ndege. Walikale, huko Kilambo, ndege zimekuwa zikishuka juu ya barabara ya lami kuchukua mawe ya bati. Antonov na Let, zilizoundwa katika Urusi ya Kisovyeti na Chekoslovakia ya siku zile, zimetuchukua sisi na magunia yetu na mbuzi wetu. Na hata DC-3, ambazo ya kwanza yao iliruka mwaka 1935, zimeonekana Goma na Bukavu miaka mingi baada ya Ulaya kuzifanya vitu vya makumbusho. Tangu mwaka 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zimeyakataza mashirika ya ndege ya Kongo kuingia katika anga lao, kwa sababu hawana imani na uangalizi wa ndege zetu. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege iliyotoka tu uwanjani Goma iliangukia nyumba za watu mtaani Mapendo, wakafa zaidi ya watu ishirini, waliokuwa ndani na waliokuwa nyumbani mwao. Hatusemi kwamba uzee ndio ulioiangusha, kwani hatukuichunguza. Twasema tu kwamba aliyekuwa akipika mbele ya nyumba yake Mapendo hakuulizwa neno.

Hapa ndipo swali la vijana wetu linapogeuka. Mzee wa Ulaya akianguka na Moth yake, anaanguka na ubao alioukagua mwenyewe. Alijua. Bado hana ruhusa ya kuutupa uhai wake, kwa maana uhai si mali yake bali ni amana ya Mungu, naye atajibu kama alijitia katika hatari pasipo sababu ya haki. Lakini mama aliyepanda ndege Shabunda na mtoto mgonjwa mgongoni hakuona kitabu cha ndege ile, wala hajui kama kipo. Alilipa, akapanda, akapiga ishara ya Msalaba. Mwenye ndege aliyejua kwamba kuna ubovu akanyamaza, huyo ameivunja amri ya nane kwanza, na ya tano ikangoja tu siku yake.

Wala tusidhani kwamba mapenzi peke yake yatosha kumlinda mtu na kosa hilo. Tarehe 4 Agosti 2018, katika milima ya Uswisi, ndege ya zamani aina ya Junkers 52, iliyoundwa mwaka 1939, iliwaua watu wote 20 waliokuwamo. Ilikuwa ndege iliyopendwa mno, na marubani wake walikuwa watu wa uzoefu mkubwa. Wachunguzi walisema kwamba marubani waliipitisha bondeni kwa namna ya hatari, karibu mno na milima. Tena, walipoupasua mwili wa ndege ile waliona kutu na nyufa ambazo hazikuwa zimegunduliwa, ingawa si hizo zilizoiangusha. Hii habari ilitusumbua kuliko ile ya Goma. Kwa maana hawa hawakuwa wachuuzi wenye haraka. Walikuwa wapenzi. Mtu aweza kukipenda kitu hata asitake kukiona kilivyo. Kila baba mwenye mwana mlevi anajua tunalosema.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemdhulumu kijana wetu wa pikipiki, kwa sababu ipo kazi ya kufufua vitu vya zamani ambayo hata wa zahanati angeibariki. Mmekwisha kusoma juu habari ya ile meli, Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikafika Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi, wakiona Kigoma imekwisha kupotea, waliizamisha wenyewe upande wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito kila mahali. Fikirini mtu huyo, ameshindwa vita, naye anainama kupaka grisi mashine itakayozama! Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na Umoja wa Mataifa kuwarudisha kwetu wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamevuka ziwa kuikimbia vita. Wako wasomaji wa gazeti hili walioketi juu ya sitaha yake na masufuria yao. Hatusemi kwamba kila Moth ya Ulaya itakuja kubeba wakimbizi, huo utakuwa ushabiki. Lakini yule aliyepaka grisi mwaka 1916 naye hakujua.

Kanisa nalo halikuichukia ndege hata siku moja. Mwaka 1920 Papa Benedikto wa 15 aliwapa warukaji Bikira Maria wa Loreto awe msimamizi wao, na katika kitabu cha Baraka cha Kirumi imo sala ya kuibariki ndege. Padre Paul Schulte wa Oblati, aliyekuwa rubani wa vita, alianzisha mwaka 1927 chama cha kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, baada ya rafiki yake mmisionari kufa Afrika kwa kukosa chombo cha kumfikisha kwa mganga. Tumewahi kuulizwa kama chombo kilichobarikiwa chaweza kuanguka. Chaweza. Maji ya baraka hayaunganishi gundi iliyooza.

Twawaeleza jambo moja lililotupata sisi wenyewe, ingawa si la angani. Mwaka mmoja tulikodi boti la mbao bandarini Kalundu, tukiwa na wanakwaya, kwenda sherehe upande wa Baraka. Boti lilikuwa limepakwa rangi ya buluu mpya kabisa, na jina la mtakatifu ubavuni. Tuliliona, tukalisifu, tukapanda. Kabla jua halijawa kali maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Tulitumia masufuria ya chakula kuyatoa, na nahodha akatutupa pwani salama, ashukuriwe Mungu. Fundi mmoja mzee wa mahali pale alikuja na msumari, akausukuma kwa kidole gumba katika ubao wa chini ya ile rangi, ukazama wote kama katika muhogo uliolowekwa. Akatuuliza, "Mwalimu, hamkugusa?" Mwenye boti alikuwa na kosa lake, nasi hatumtaji. Lakini sisi tulikuwa na watoto wa watu, nasi hatukugusa.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, tulipoalikwa tena, tulikwenda Kalundu na msumari mfukoni. Boti la kwanza tulilikataa. La pili mwenyewe alituzuia tusiguse, akasema tunamletea mkosi, tukaliacha. La tatu lilikuwa baya kwa macho, halina rangi, lakini mataruma yake yalikuwa mazima, na mwenyewe alituonyesha bila kuombwa ubao mmoja alioubadilisha na kalafati mpya pembeni yake, akisema hapo patatoa jasho kidogo, tusiogope. Saa zilikuwa zimekwenda. Wanakwaya walinung'unika, na mama mmoja, ambaye ndiye mwenye sauti ya kwanza, hakutusemesha njia nzima. Tulifika Baraka watu wakitoka kanisani, Misa imekwisha. Kijana wetu wa pikipiki alikuwa bado amepiga magoti chini ya boti, anapapasa ule ubao.